Kazi ya Vidole Viwili

Hamira inayoumua maandazi ni kiumbe bahili. Ukiipa glukosi pamoja na sukari ya mezani, hula glukosi kwanza. Kuivunja sukari ya mezani kunahitaji kimeng'enya kiitwacho invateizi, na kukitengeneza kuna gharama. Ya nini kuwasha jiko wakati chakula kiko mezani? Kwa hiyo jeni ya kimeng'enya hicho, SUC2, hunyamazishwa. Inayoisimamia kazi hiyo ni protini iitwayo Mig1.

DNA ya hamira ina herufi kama milioni 12. Humo Mig1 hutafuta neno moja fupi lenye G nyingi, na hata likipatikana haliitoshi: hukagua pia majirani, maana pembeni panatakiwa pawe na A na T tele. Ina vidole viwili tu vya kushikia, kila kimoja kimejikunja kuzunguka atomu ya zinki. (Ni wataalamu waliovibatiza vidole, na safari hii wamepatia.) Kidole huingia kwenye mfereji wa DNA na kuzisoma herufi bila kuzitenganisha nyuzi zake mbili, kama asiyeona anavyopapasa nukta nundu.

Ninachokistahi zaidi ni kwamba, ikishashika, Mig1 haimalizi kazi peke yake. Huwaita wenzake, protini Tup1 na Cyc8, wenye nguvu lakini wasiojua kuishika DNA wenyewe. Hao ndio wanaoziba mahali ambapo viamshi vya jeni huitia mashine ya unukuzi, na huleta vimeng'enya vya kuzivua alama za asetili histoni, yaani protini ambazo DNA hujizungushia, DNA ikabaki imekazwa. Kwenye jeni nyingine, zile za kupandana, Tup1 huyohuyo huitwa na protini tofauti kabisa, alfa 2. Mwenye nguvu mmoja, waonesha njia wengi.

Glukosi ikiisha, kimeng'enya Snf1 huibandika Mig1 fosfeti, nayo hutolewa nje ya kiini. Mwaka 1997 Mark Johnston na wenzake waliitazama safari hiyo baada ya kuiunga Mig1 na protini ya konyeza ing'aayo kijani. Glukosi ikiwepo, kila seli ina nukta ya kijani kwenye kiini. Ikiondolewa, nukta hufifia na kijani husambaa seli nzima kwa dakika chache tu. Ikirudishwa, nukta ile hurejea palepale.