Daftari la Mchuuzi wa Omena

Mchuuzi mmoja wa omena kule Mbita, Kaunti ya Homa Bay, huandika kila jioni katika daftari lile lile la madeni. Upande wa kushoto ni hesabu za gorogoro, upande wa kulia siku ilivyokwenda. Aliniruhusu nisome kurasa chache.

Ukurasa mmoja ni wa siku mvua ilipowakuta omena wameanikwa. Mwingine angeandika kwamba siku imeharibika, au kwamba Mungu amemsahau. Yeye kaandika: "Mvua saa nane. Hatukuwahi kukunja nyavu mbili. Waliolowa nimewauza kwa watu wa chakula cha kuku." Chini yake kapiga mstari, kisha: "Kesho kijana asiende mbali." Basi.

Hajawahi kumsikia Epictetus, lakini wangeelewana. Epictetus, aliyezaliwa utumwani akaja kufundisha falsafa mjini Nicopolis, aliwaonya wanafunzi wake kwamba mtu akioga haraka, wasiseme ameoga vibaya. Waseme ameoga haraka. Alikuwa Mstoiko, wa kundi lile lile la wanafalsafa lililojadiliana na mtume Paulo kule Athene. Mstoiko mwenzake, Kaisari Marcus Aurelius, aliyefariki mwaka 180, alijiandikia kwa Kigiriki hata akiwa vitani karibu na mto Danube. Joho lake la zambarau alilieleza kuwa manyoya ya kondoo yaliyochovywa katika damu ya kombe. Fahari yote ikaishia hapo.

Kueleza jambo bila kulihukumu ni ufundi mgumu kuliko unavyoonekana. Matusi huja yenyewe: "dalali mwizi" huandikika upesi kuliko bei aliyotaja. Nilimwuliza mama huyo hasira zake huziweka wapi.

"Mwalimu," akanijibu, "nikiziandika humu, nitakutana nazo tena nikitafuta deni la mtu."

Ule mstari alioupiga ndio ninaouhusudu. Juu ni yaliyotokea, chini ni yale anayoweza kuyafanya, na ziwa halimpi mengi ya kuweka chini. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mapato hupungua. Gugu maji huja na upepo likaziba njia ya mashua. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Katika kurasa zake za Mei hakuna hata omena mmoja. Kuna njugu za kutoka Migori, nauli, na magunia mawili yaliyobaki nyumbani. Hakuna malalamiko, wala hakuna yale maneno matamu ya kujipa moyo ambayo siku hizi huchapwa juu ya madaftari ya bei ghali. Hayo nayo yananichosha.

Wapo wanaodhani utulivu wa namna hii ni kumeza kila kitu. Mimi sidhani. Bei za dalali zimo humo siku baada ya siku, pamoja na tarehe na kilo. Zilipozidi kushuka huku bei ya sokoni ikisimama pale pale, alilibeba daftari mpaka kwenye mkutano wa ufuoni akalisoma kwa sauti. Dalali akabisha kwamba hesabu zimetiwa chumvi. Mwenyekiti akamwomba atoe daftari lake.