Nani Akae Kundi Gani

Ukishika barabara ya Kitale kwenda Endebess utaona milingoti myembamba ya chuma, imekazwa kwa nyaya, kila mmoja umebeba antena mbili tatu juu. Faiba imefika mjini, lakini nani atachimba mtaro kupitia mashamba ya mahindi ili amfikie mteja mmoja aliye ndani kabisa huko Kwanza? Kwa hiyo intaneti hurushwa kwa gigahezi 5, kutoka mlingotini hadi kidishi kilichofungwa kwenye paa la mabati. Antena moja huhudumia nyumba kadhaa, nazo hupokezana zamu.

Watu husimama kumtazama fundi akipanda. Mimi huvutiwa naye zaidi akishashuka, akaketi kivulini na kompyuta mapajani, mbele yake orodha ya nyumba na nambari kando ya kila moja: hasi 54, hasi 61, hasi 79. Hizo ni desibeli za nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, na kadiri nambari inavyokaribia sifuri ndivyo nyumba inavyosikia vizuri. Inayosikia vizuri hutumiwa data iliyoshindiliwa, biti 8 katika kila mpigo wa wimbi. Ya hasi 79 hutumiwa biti mbili mbili, kama unavyomsemesha babu mwenye masikio mazito: neno moja, unangoja, halafu jingine.

Shida ni kwamba wengine wote wanamngoja babu. Chukua nyumba mbili tu, moja inapokea megabiti 100 kwa sekunde, nyingine 10. Ukizipa mzigo sawa, megabiti 8 kila moja kwa zamu, ya kwanza itamaliza kwa sekunde 0.08 na ya pili kwa 0.8. Piga hesabu: kila moja inaambulia megabiti 9 hivi kwa sekunde. Yule mwenye 100 amepoteza karibu zote, naye analipia, na jioni atapiga simu kulalamika kuwa ruta yake ni mbovu. Fundi asiyejua atambadilishia ruta.

Anayejua hugawa muda badala ya mzigo. Nusu ya muda huku, nusu kule: wa kwanza anapata 50, wa pili 5. Je, ni haki? Kwa maoni yangu ni haki nusu, maana yule wa 5 hakuchagua kujenga nyuma ya kilima. Ndiyo sababu fundi mzuri haishii kwenye kugawa muda. Huanza kupanga makundi: nyumba zinazosikia vizuri zikae kwenye antena moja na masafa yake, zinazosikia kwa shida zihamishiwe nyingine, ambako kusubiriana kwao hakumuumizi mtu wa tatu. Hulegeza boliti kwa spana namba 13, huinamisha antena kidogo sana, hurudi kwenye orodha na kungoja nambari zitulie. Nyumba tatu zimepanda, moja imeshuka. Anaigeuza tena.

Nambari zenyewe hazisemi kila kitu. Mteja huapa kwamba mvua ndiyo inayokata intaneti. Kwa gigahezi 5 na umbali wa kilomita chache, mvua yenyewe haizuii kitu cha maana. Majani yaliyolowa ndiyo hunywa mawimbi. Na mkaratusi hukua upesi. Mwaka juzi ulikuwa chini ya njia ya mawimbi, leo umeingia katikati. Hapo ufundi unageuka kuwa maongezi ya uani.

“Mama, huu mti ndio unatusumbua. Tungepunguza tu matawi ya huku juu.”

“Kijana yangu, huo aliupanda marehemu mzee. Tafuteni njia nyingine.”

Basi inatafutwa njia nyingine.

Kwenye modemu za kebo, kama zile za Zuku huko Nairobi na Mombasa, mawimbi hupita ndani ya waya wala hakuna mkaratusi, lakini swali ni lile lile. Kiwango cha DOCSIS 3.1, kilichotolewa na CableLabs ya Marekani mwaka 2013, hukata njia moja yenye upana wa hadi megahezi 192 kuwa vijia maelfu, na kila kijia chaweza kupewa mshindilio wake. Ili modemu ipokee biti 12 kwa mpigo, ishara inatakiwa iizidi kelele kwa desibeli 41 hivi. Kwa biti 8, 27 zinatosha. Modemu zote zikiwekwa kwenye mpangilio mmoja, ule ambao hata iliyo dhaifu kabisa inaumudu, mtaa mzima hushushwa kwa sababu ya kiungio kimoja kilicholegea. Kumpa kila mtu mpangilio wake nako hakufai, kwa kuwa data hufungwa kwa mafungu na mipangilio mingi huacha mafungu nusu tupu. Kwa hiyo programu hupima kila kijia kwa kila modemu, kisha hutafuta makundi machache ya nyumba zenye maradhi yanayofanana.

Nami hupenda kuona maradhi hayo yakichorwa. Shimo jembamba kwenye mchoro, pale pale inaporuka mitandao ya simu, humwambia fundi kwamba kuna waya uliolegea unaonyonya mawimbi ya nje. Mteremko unaozidi kadiri masafa yanavyopanda waweza kuwa maji yaliyoingia kwenye kebo. Programu itaihamishia nyumba hiyo kundi linaloifaa, nayo itafanya kazi, lakini maji yatabaki ndani ya kebo hadi mtu aende na ngazi.

Hata baada ya kupanga, fundi wa Kitale hazipi nyumba zake mshindilio wa juu kabisa zinaoweza kuumudu mchana wa jua. Huacha desibeli kadhaa za akiba kwa ajili ya miezi ya mvua. Mteja akijipima kwenye simu ataona nambari ndogo kuliko ya jirani yake wa mjini, naye fundi hueleza jambo hilo tena na tena bila kuchoka. Kuhusu ile nyumba yenye mkaratusi, kidishi kilihamishiwa kwenye mnara wa tangi la maji la jirani, waya ukafukiwa chini ya ua hadi kwa mama, na jirani akapewa nywila ya Wi-Fi kama kodi ya mahali.