Uungwana wa Kutouliza

Wafugaji wa nyoka hugombana kweli kweli. Ukiwasoma katika *Stolen World* ya Jennie Erin Smith, kitabu kilichotoka 2011, utacheka mpaka ujishangae. Chatu huyu nani alimleta wa kwanza, kobe yule kafa mikononi mwa nani, nani tapeli. Katikati wapo Wamarekani wawili: Hank Molt, aliyewahi kuuza jibini za Kraft kabla ya kufungua duka la reptilia Philadelphia, na Tom Crutchfield wa Florida. Mijusi wa Fiji waliwafikisha wote wawili mahakamani, kila mmoja kwa wakati wake. Lakini kesi inaonekana kuwauma kidogo tu. Kinachowauma ni mwenzake kusifiwa.

Smith ni mwandishi wa habari na anajua kukaa kimya. Anawaacha waseme. Huyu anamwita yule mwizi, yule anamjibu kwa kisa kibaya zaidi, na humo humo kwenye matusi ndimo tunamopata ukweli wa biashara: mzigo ulifichwa vipi, karatasi zilichezewa vipi. Wangekuwa marafiki, tusingejua lolote. Hili ndilo jambo kubwa la kitabu, na naona wasomaji wengi wanalipita wakikimbilia vituko.

Maana upande wa pili kuna watu wastaarabu sana. Bustani za wanyama za Marekani, miaka ya 1960 na 1970, zilikuwa wateja wa Molt. Wakuu wake ni watu wa elimu na lugha nzuri, wala hawagombani na mtu. Mnyama adimu anafika na mnunuzi hamuulizi muuzaji kamtoa wapi, kwa sababu kuuliza ni kumvunjia heshima. Jamani! Afadhali ugomvi wa Molt na Crutchfield mara mia kuliko adabu ya namna hii. Bryan Christy, kwenye *The Lizard King* (2008), anatupa afisa wa wanyamapori anayemwinda mlanguzi, kwa hiyo unajua pa kusimama. Smith hakupi nafasi hiyo, na ndiyo maana kitabu chake ni kizuri zaidi.

Ila nina ugomvi naye. Molt ni msimuliaji mtamu, na kuna kurasa ambapo utamu huo unamzidi nguvu mwandishi. Tunajua Molt anamwazia nini Crutchfield kuliko tunavyojua lolote kuhusu mtu wa Fiji au Papua New Guinea aliyeingia msituni kumkamata huyo mjusi. Nchi za watu zimekuwa ghala tu: unaingia, unabeba, unarudi Florida kugombana.

Kwetu ghala hilo lina jina. Msitu wa Kimboza, Morogoro, una mjusi kafiri mdogo ambaye dume lake ni la buluu kali, rangi ambayo ungedhani imepakwa. Duniani kote, porini, anapatikana hapo na kwenye misitu michache ya jirani, basi. Anaishi kwenye mikadi, na wakamataji walikuwa wanaikata mikadi yenyewe ili kumfikia, yaani unachukua mpangaji na nyumba unabomoa. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai, na tangu Januari 2017 mjusi huyu yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ambacho kinazuia biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini.

Huko Ulaya na Marekani, mwenye mjusi huyo akiulizwa katoka wapi, jibu la heshima ni kwamba kazaliwa kizimbani. Wengine wanasema kweli. Hiyo sentensi moja, na nani anaruhusiwa kuitilia shaka bila kuonekana mkorofi, ingetosha kitabu kizima, safari hii kikianzia kwa aliyeshika panga Kimboza na alicholipwa. Kikitoka, nakinunua siku hiyo hiyo.