Dawa ya Minyoo Ifuate Maji

Ukilikata ini la ng'ombe aliyeshambuliwa sana, kisu hukwaruza. Mirija ya nyongo imekuwa minene na migumu kwa chokaa, na ndani yake yumo mnyoo bapa wa ini, Fasciola gigantica, mwenye umbo la jani. Ini hilo hutupwa. Hasara kubwa zaidi ilishatokea malishoni, katika kilo ambazo dume hakuziongeza.

Mnyoo huyu hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji. Ndiyo maana sikubaliani na ratiba ya kunywesha dawa kila miezi mitatu katika mkoa kama Katavi, wenye msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Mvua zikikatika, mifugo ya huko hufuata majani mabichi kwenye mabonde kama la Mto Katuma na mabua ya mpunga huko Mpimbwe, na humo ndimo wachanga waliotoka kwa konokono hujishika kwenye majani. Ng'ombe wa asili wanaozungushwa hivi ndio wanaoumia. Julius Keyyu na wenzake, katika utafiti wa Iringa uliochapishwa 2006, waliwakuta wameambukizwa zaidi kuliko ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo.

Anayemezwa Juni huchukua miezi mitatu au zaidi kukomaa, na albendazoli huua waliokomaa tu. Kwa hiyo dozi ya ini inywewe Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijasomba mayai hadi kwenye madimbwi ya konokono. Triklabendazoli huua hata wachanga, hivyo mwenye uwezo aanze mapema. Levamisoli na ivermektini hazimgusi mnyoo huyu kabisa.

Minyoo ya tumbo ni habari nyingine. Ng'ombe wakubwa wengi wana kinga, basi fedha ielekezwe kwa ndama, hasa mvua zinapoisha.

Kipimo ndipo wengi wanapokosea. Albendazoli ya asilimia 10, kwa mnyoo wa ini, ni mililita 1 kwa kila kilo 10. Dume wa kilo 300 akikadiriwa kwa macho kuwa 200, atapewa mililita 20 badala ya 30, na minyoo itakayosalia ndiyo itakayozoea dawa. Futi ya kupimia kifua inatosha pasipo na mizani. Majike waliopandwa karibuni waachwe, kwani mwanzoni mwa mimba albendazoli huweza kudhuru kijusi.