Mmormoni Asiye na Kiti: Usawiri wa Joe Pitt katika Tamthilia ya Angels in America

Tamthilia ya Angels in America ya Tony Kushner ina sehemu mbili, na sehemu ya kwanza ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1993. Aghalabu husomwa kama kazi inayohusu UKIMWI na siasa za Marekani enzi za Rais Ronald Reagan. Usomaji huo ni sahihi, ila humweka pembeni Joe Pitt, mwanasheria Mmormoni kutoka Utah anayeishi New York na mkewe, huku akificha kwamba anavutiwa na wanaume. Uhakiki huu unajenga hoja kwamba Kushner anayafahamu vyema maisha ya kila siku ya mtu wa aina hiyo, lakini hampi mahali pa kuishi siri yake inapofichuka.

Nguvu ya usawiri huo imo katika mambo madogo. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo waumini wake hujulikana kama Wamormoni, hukataza pombe, chai na kahawa, na hufundisha kwamba ndoa iliyofungwa hekaluni hudumu milele. Kwa hiyo, Joe hana siri inayomhusu yeye peke yake. Kila anachoficha kinamgusa mke, mama na ahera. Usiku huenda katika bustani ya Central Park kuwatazama wanaume kwa mbali, kisha hurudi kwa Harper, mkewe, ambaye naye hujituliza kwa vidonge vya Valium. Joe ana vidonda vya tumbo, na kwa maradhi hayo mwili unasema kile ambacho mdomo umekataa kukisema.

Hatimaye mdomo unasema kwa simu. Joe, akiwa amelewa, anampigia mama yake, Hannah, saa kumi alfajiri na kumweleza ukweli. Mama anajibu kwamba ulevi ni dhambi na kumwamuru arudi nyumbani kwa mkewe. Jibu hilo halitokani na ukosefu wa upendo, kwani muda mfupi baadaye Hannah anauza nyumba yake na kumfuata mwanawe New York. Jamii yake imempa maneno ya kuzungumzia ulevi, lakini haijampa neno la kuzungumzia alichokisikia.

Ishara ya pili ni vazi la ndani ambalo Wamormoni waliopitia ibada za hekaluni hulivaa kila siku kama kumbukumbu ya maagano yao. Akiwa ufukweni na mpenzi wake, Louis, Joe analivua pamoja na nguo nyingine, akidai kwamba yuko tayari kuacha chochote. Hapa ndipo mtazamo wa mtunzi unapojitokeza: uhuru unachorwa kama kuvua. Tamthilia haiulizi iwapo mtu anaweza kubaki na vazi hilo na bado akasema kweli.

Inaweza kudaiwa kwamba Joe anaadhibiwa kwa matendo yake, si kwa imani yake. Ni kweli kwamba aliandika hukumu za mahakama zilizowaumiza wanyonge, ikiwemo iliyomhusu askari aliyefukuzwa jeshini kwa kupenda wanaume. Ni kweli pia kwamba alimpiga Louis. Hata hivyo, Roy Cohn, mwovu kuliko wote, anasomewa sala ya wafu ya Kiyahudi anapokufa. Louis, aliyemtoroka mpenzi wake mgonjwa, anakaribishwa tena katika onyesho la mwisho, penye chemchemi ya Bethesda. Hannah naye yupo pale, amebadilika, akiwa rafiki wa watu ambao zamani asingewasalimu. Kiti kinachokosekana ni cha mwanawe. Mama Mmormoni anaruhusiwa kukua. Mwana Mmormoni anaachwa njiani, bila msamaha na bila hukumu.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi tamthilia inapolinganishwa na Goodbye, I Love You, kumbukumbu za mshairi Mmormoni Carol Lynn Pearson zilizochapishwa mwaka 1986. Pearson anasimulia ndoa yake na mwanamume aliyependa wanaume, talaka yao, na jinsi alivyomuuguza nyumbani kwake hadi alipofariki kwa UKIMWI mwaka 1984. Kumbukumbu hizo hazitatui mgogoro wa kiimani, lakini zinampa mwanamume huyo kitanda, watoto na mtu wa kumshika mkono. Hata hivyo, humo pia sauti inayosimulia ni ya mwanamke aliyebaki.

Swali la kiti si la jukwaani tu. Novemba 2015 Kanisa lilitoa mwongozo uliowahesabu waumini waliofunga ndoa za jinsia moja kuwa walioasi imani, na kuwazuia watoto wa familia hizo kubatizwa kabla ya kufikisha umri wa miaka 18. Mwongozo huo uliondolewa Aprili 2019, ingawa fundisho la ndoa ya mume na mke halikubadilika. Katika mazingira hayo wapo wanaoondoka, na wapo wanaoendelea kuketi ibadani kila Jumapili. Kushner aliwaandikia wa kwanza mlango wa kutokea. Wa pili, ambao maisha yao ndiyo magumu zaidi kuyaigiza, hawamo katika tamthilia yake.