Swali Lililotupwa Kabla ya Kujibiwa

Waliosoma insha ya kidato cha sita juu ya Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, ile insha iliyopewa tuzo na kusifiwa kila baraza, watakumbuka kwamba ilianza kwa fikra yenye thamani kubwa, kisha fikra hiyo ikaachwa kabla hatujageuza ukurasa. Nami, ijapokuwa sifa zimekwisha kumiminwa, sina budi kusema dhahiri kwamba uamuzi ule wa kubadili swali ulikuwa kosa, na ndio ulioiangamiza insha nzima.

Mwanafunzi alitambua kwamba Karama, aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya uanasheria, hajitetei kwa kukana shtaka, bali kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarejea na habari za manufaa, wakalipwa kifungo. Akauliza: kwa nini mshtakiwa ajitetee kwa kesi za wengine? Swali hilo lina mipaka, kwa kuwa jawabu lake limo ndani ya kitabu kimoja, na lina ubishi, kwa kuwa watu wenye akili timamu waweza kulijibu mbalimbali. Mmoja atasema Karama anazileta hukumu zilizopita hata baraza lenyewe likawa ndilo linalohukumiwa. Wa pili atasema utetezi ule ndio darasa la kwanza la elimu iliyoharamishwa. Wa tatu ataikumbuka Tanganyika ya 1951, kitabu kilipotoka, iliyokuwa chini ya Waingereza, na mtunzi aliyekuwa mtumishi wa serikali hiyohiyo, ambaye maneno mazito yalimfaa zaidi yakitoka kinywani mwa mtu aliyeko kizimbani.

Hayo yote yalikuwa mkononi mwake. Lakini mwalimu wake, kama dibaji inavyoeleza, alimwambia swali ni dogo mno, naye akaliandika upya: “Dhuluma katika riwaya za Shaaban Robert.” Hilo si swali, ni kichwa cha habari. Palipotakiwa mshipi akatupa jarife. Zikaingia Adili na Nduguze, Kufikirika na Utubora Mkulima, kila moja ikapewa aya yake, na kila aya ikathibitisha kwamba dhuluma ipo na ni mbaya, jambo ambalo hakuna msomaji aliyepata kulikanusha. Nimelalamika mara nyingi katika safu hii, na leo nalalamika tena, juu ya walimu wanaowafundisha vijana kuipasua kazi ya sanaa mafungu mawili, fani huku na maudhui kule, kisha kuorodhesha dhamira mpaka karatasi iishe. Hofu ya kukosa maneno ya kutosha ndiyo inayozaa vichwa vya habari kama kile.

Lugha ya insha ni fasaha na nukuu zake ni sahihi; kilichoiangusha ni swali lake.

Sheikh Amri Abedi hakuogopa udogo wa swali. Katika kitabu chake cha 1954 aliuliza ni sheria zipi zinazolifanya shairi kuwa shairi, akakaa papo hapo, katika vina na mizani. Na Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, mwaka 1974, wabishi wa pande zote mbili, walioshikilia sheria hizo na waliozikataa, walikuwa wangali wakilijibu swali lilelile.

La Karama lingali wazi. Atakayelishika na aanze kwa kuyaweka pamoja maneno ya Majivuno anaposhtaki na maneno ya Karama anapomsimulia mjumbe wa kwanza, atazame ni nani kati yao anayeleta ushahidi, na ni nani anayetegemea cheo chake tu.