Nasaba ya Nijmegen

Mwaka 1978 mwanamke mmoja alifika hospitali ya chuo kikuu mjini Nijmegen, Uholanzi, kuuliza wanaume wa ukoo wao wana nini. Walikuwa wazito wa kuelewa na wepesi wa hasira. Kuna aliyemchoma msimamizi wake kwa uma wa nyasi, kuna aliyetaka kumgonga bosi wake kwa gari, na wengine walitia nyumba moto. Jibu kamili lilitoka mwaka 1993. Katika fani ya magonjwa ya akili na uhalifu, ambako alama za kibaiolojia hutangazwa haraka mno, naipenda kazi hii kwa utaratibu wake.

Haikuanzia maabara. Mzee mmoja wa ukoo huo, mwalimu, alikwisha kuchora nasaba yao mwaka 1962, akatambua mwenyewe kwamba balaa hupitia kwa akina mama na kuwaangukia wana wa kiume. Mtaalamu wa jenetiki Han Brunner na wenzake nao walichora: miraba ni wanaume, maduara ni wanawake, mgonjwa hutiwa wino mweusi. Maduara yote yalibaki meupe. Hapo macho yalielekea kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, ya mama yake. Wakalinganisha alama za urithi za ndugu, wakabana eneo mpaka kipande chenye jeni ya MAOA.

Sasa njoo kwenye mkojo, maana hapa ndipo ninapowapa heko. MAOA hutengeneza kimeng'enya kinachovunja serotonini, noradrenalini na dopamini. Kikikosekana, vinavyopaswa kuvunjwa vitalundikana na mabaki yake yatapungua. Wakakusanya mkojo wa saa 24, wakakuta hivyo hasa. Hata hivyo hawakuridhika. Jeni hii ina jirani, MAOB, inayofanya kazi ya karibu sawa. Huenda yeye ndiye mkosaji. Wakapima chembe sahani za damu: MAOB mzima. Wakaotesha seli za ngozi: MAOA kimya. Mwishowe wakasoma jeni yenyewe, wakaona herufi moja imebadilika, C kuwa T, na pale penye asidi amino pakawa na amri ya kusimama. Kimeng'enya kilikatizwa njiani.

Watu wengine wangeiita jeni ya ukatili. Brunner alikataa katakata: wanaume wenye herufi ileile hawakutenda mambo yaleyale.

Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ya Trieste, Italia, ilimpunguzia muuaji mwaka mmoja wa kifungo, MAOA ikiwa miongoni mwa hoja. Lakini yake ilikuwa aina yenye utendaji hafifu tu, si ile iliyozimika ya Nijmegen, na takriban theluthi ya wanaume wenye asili ya Ulaya wanayo. Kipimo cha jeni hiyo peke yake hakiwezi kumtenga mshtakiwa na majirani zake.